Keekee Wasiobisha Hodi

Bweni la Wasichana
11 Mei

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini u mzima na kazi ya useremala inaendelea. Mimi sijambo, na masomo si mabaya.

Shule hairuhusu simu, lakini Jumapili matroni aliniazima yake nikaongea na Mama kidogo. Ameniambia unataka kuziba matundu yote kwenye nguzo za uchanja wa pasheni na kupuliza dawa ili keekee wafe. Ndiyo maana ninaandika haraka, kabla hujaanza.

Wewe mwenyewe ndiye uliyewapa nyuki hao weusi jina la keekee, kwa sababu tundu lao ni la mviringo safi, kama limetobolewa kwa keekee yako ya mkono. Mimi nilidhani uliwapa jina hilo kwa kuwapenda.

Mwalimu wetu wa biolojia alituchorea ua la pasheni ubaoni. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Anaingia kwa chini, anakunywa utamu, anaondoka bila kugusa kitu. Keekee ana mgongo mpana. Akiingia, mgongo unasugua ule unga wa manjano ulioko juu, naye anaupeleka kwenye ua jingine. Bila yeye ua linafunga jioni na kesho linaanguka. Hakuna tunda.

Tangu Baba afariki, Mama anaishi kwa pasheni zile. Hataki kuwa mzigo kwako wala kwa mtu yeyote. Tafadhali waache.

Na yule wa manjano anayekuja kuvuma mbele ya uso wako ni dume. Hana mwiba. Ni kelele tupu, hawezi kumdhuru mtu. Usimkimbie.

Mimi mwanao,
Binti wa kaka yako

*

Karakana
19 Mei

Marahaba.

Barua yako imenikuta nimeshamaliza kazi. Nimepuliza dawa, nimepiga vigingi vya mti katika kila tundu, nikajaza gundi na unga wa mbao, nikapitisha msasa. Pitisha kiganja chako kwenye nguzo zile leo, hutajua palikuwa na tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami ufa nimeuziba.

Mama yako aliifungua barua akidhani ni yake, akaisoma kwa sauti mbele ya wateja wangu wawili. Alipofika pale pa dume lenye kelele tupu, mmoja wao alicheka mpaka akashika meza ya randa. Tangu siku hiyo hanipi jina langu la Fundi. Ananiita Dume la Manjano. Ahsante sana kwa heshima hiyo. Hayo ndiyo mnayofundishwa?

Sasa nisikilize, maana naona hakuna aliyekueleza. Mwezi uliopita nilitengeneza mlango wa mteja. Mbao safi, paneli sita, hakuna fundo. Niliuegemeza nje ukauke kabla ya vanishi. Mteja alipokuja kuuchukua, katikati ya fremu kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu kulikuwa na makalio ya mdudu. Mteja akaniuliza, "Fundi, huu mlango una mpangaji?" Akaniachia mlango wangu na kwenda kwa fundi mwingine. Mlango huo upo hapa karakana, umesimama ukinitazama.

Dudu ni dudu. Mende wa bweni lenu mnawavutia viti? Kunguni mnawatandikia? Soma vitabu vyako, mbao niachie mimi.

Baba yako mdogo,
Fundi

*

Bweni la Wasichana
27 Mei

Shikamoo Baba Mdogo,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali uliposikitika. Sikupaona.

Pole kwa mlango. Ni kweli ni hasara. Lakini mlango ule ungeweza kuukausha ndani, au kuupaka hata mkono mmoja wa rangi, kwa sababu keekee hatoboi mbao iliyopakwa rangi. Hilo nalo mwalimu ametuambia. Umewaua wote kwa kosa la mmoja.

Umeniuliza kuhusu mende. Ni kweli bwenini tunawaua, na mimi nimewahi kumpiga mmoja kwa kamusi. Wasichana hapa wakiona hata nondo wanapiga kelele kama kumeingia simba. Lakini hatuendi msituni kuwatafuta mende walioko huko wakila majani yaliyooza. Kama wadudu wote wangekufa siku moja kama wewe unavyotamani, mavi yangerundikana juu ya ardhi, mizoga ingekaa, na mezani tungebaki na vyakula vichache visivyohitaji mgeni wa kubeba unga. Watu wanamtazama mdudu na kuona uchafu, kwa sababu hawajawahi kumtazama mpaka mwisho.

Nitasema jambo jingine, na unisamehe likikuuma. Mama aliwahi kuniambia kwamba unasema karakana imekuwa ndogo, na mbao zako zingekaa vizuri pale uani penye uchanja. Mpasheni usipozaa, uchanja hauna kazi. Sisemi zaidi. Kila mtu anajua hesabu ya kujumlisha.

Binti wa kaka yako

*

Karakana
6 Juni

Shikamoo yako nimeirudisha ndani ya bahasha ilimotoka.

Kwa hiyo mimi ni mwizi wa uwanja. Nimetega dawa ili shemeji yangu mjane akose riziki, nipate pa kuweka mbao. Hayo umeyawaza ukiwa na akili zako, ukachukua kalamu, ukayaandika, ukalamba stempu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hulala kwanza akafikiri.

Nani alisimamisha nguzo zile na baba yako? Nani aliyeshika upande wa pili? Baba yako alikuja na tawi moja la mpasheni, akalikata vipande, akapanda kipande kwa kila nguzo. Mimi nilichimba. Ulikuwa mgongoni kwa mama yako, unalia.

Na sasa nikupe habari zitakazokuchoma, Profesa wa Wadudu. Mpasheni umechanua. Umechanua kuliko mwaka jana. Maua yamejaa uchanja mzima kama pambo la harusi, wapita njia wanasimama. Keekee hata mmoja hayupo. Mwambie mwalimu wako aje na ubao wake.

Fundi

*

Nyumbani
22 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo sana.

Nakuandikia Baba yako Mdogo asijue. Maua yalikuwa mengi kweli, lakini hayashiki. Asubuhi nafagia maua, mchana nafagia maua. Ufagio unaokota, kikapu hakiokoti kitu. Nguzo zimebeba majani matupu.

Jana nilimwambia shemeji yangu kwamba kama mpaka Jumamosi ya mwisho ya Julai hakuna tunda, akate yote, aweke mbao zake, nami nitatafuta kibarua cha kufua. Nimesema mimi, si yeye. Sikia hilo vizuri. Yeye akaenda kupiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Ulichomwandikia kuhusu uwanja kilinitia aibu. Nimekulea useme ukweli, sikukulea umpige mtu nao usoni. Isitoshe, huo haukuwa ukweli. Mbao zake zinanyeshewa na hajawahi kuniomba hata nisogeze ndoo.

Lakini kuhusu wadudu naona ulijua unachosema. Kama mwalimu wako ana dawa ya jambo hili, mwandikie Baba yako Mdogo, si mimi. Na uanze na samahani.

Mama yako

*

Bweni la Wasichana
28 Juni

Shikamoo Baba Mdogo,

Naomba samahani kwa niliyoandika kuhusu uwanja. Sikuwa na haki. Kuhusu keekee siombi samahani.

Maua ya pasheni yanaweza kushika hata bila nyuki, mtu akifanya kazi ya nyuki. Maua yanafunguka baada ya saa sita mchana, na jioni yanafunga moja kwa moja, kwa hiyo hakuna kuahirisha. Chukua brashi laini. Ndani ya ua utaona vijiti vitano vyenye unga wa manjano. Huo unga unaitwa chavua. Pakaza unga kwenye brashi, halafu ugusishe vile vinundu vitatu vilivyoko juu kabisa. Fanya hivyo ua kwa ua.

Mama shingo inamsumbua, hawezi kutazama juu muda mrefu. Kwa hiyo ni wewe. Keekee walikuwa wakifanya kazi hii kila mchana bila kuombwa, na malipo yao yalikuwa makazi ndani ya nguzo iliyokauka.

Jaribu tu. Ninaamini itawezekana.

Binti wa kaka yako

*

Karakana
15 Julai

Mwanabiolojia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, kwa sababu shingo haigeuki.

Kila mchana, wateja wakinisubiri, naacha randa, natoka na kigoda na brashi ya vanishi niliyoiosha kwa sabuni mara tatu. Napanda. Natazama juu na jua linanitazama chini. Ua kwa ua, kama ulivyoagiza. Unga umenijaa ndevuni. Wapita njia wamenifanya sinema. Mmoja: "Fundi, unayapaka wanja?" Mwingine: "Muacheni, anaposa." Yule wa Dume la Manjano alimleta na mke wake aone. Mama yako ananishikia kigoda na kutazama pembeni, mabega yanamtikisika. Anajidai anakohoa.

Yote hayo nimeyavumilia. Na sasa sikia matokeo. Hakuna. Hakuna hata tunda moja! Nimepaka unga mpaka brashi imenyonyoka, na maua yanaanguka vilevile, tena yananiangukia kichwani. Kwa hiyo sasa tumejua. Si keekee. Wewe na mwalimu wako mmenitembeza uchi barabarani kwa hadithi ya ubaoni.

Ni mwaka mbaya tu. Ushahidi ninao: hata mpasheni wa jirani wa nyuma ya ukuta umepukutisha. Yule tusiyesalimiana, aliyesema vumbi la msumeno wangu limeharibu shuka zake. Mwaka jana alikuwa akivuna mpaka anagawa. Mwaka huu mpasheni wake una majani kama wetu, na yeye anapiga kelele juu ya ukuta kwamba mimi nimemuulia nyuki zake. Zake! Nyuki aliyelala katika nguzo yangu anakuwaje wake?

Jumamosi ya mwisho ya mwezi inakuja. Mama yako amekwisha kuamua. Msumeno nimeunoa. Usiandike tena.

Fundi

*

Bweni la Wasichana
21 Julai

Shikamoo Baba Mdogo,

Umesema nisiandike. Naandika.

Niliipeleka barua yako kwa mwalimu wa biolojia. Nilitaka aone jinsi ulivyonitukana. Yeye aliisoma, akaniuliza swali moja: mipasheni yenu ilitoka kwenye mbegu au kwenye tawi? Nikakumbuka ulichoandika mwezi wa sita, kwamba Baba alikuja na tawi moja, akalikata vipande. Mwalimu akaweka chaki chini.

Baba Mdogo, kosa ni langu. Nilikuagiza kazi ambayo nilijua nusu yake. Pasheni ya manjano kama yetu haipokei unga wake yenyewe. Inataka unga wa mpasheni mwingine kabisa. Na uchanja wetu wote, kuanzia nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, ni mpasheni mmoja uliokatwa vipande. Wewe umekuwa ukiuchavusha kwa unga wake wenyewe. Hata ungepanda kigodani mwaka mzima, hakuna ambacho kingeshika. Nisamehe kwa shingo yako. Hilo ninaliomba kwa moyo wangu wote.

Lakini tazama ulichoniandikia mwenyewe kwa hasira. Wetu haukuzaa, na wa jirani haukuzaa. Ulidhani ni ushahidi wa mwaka mbaya. Mimi nimeona kitu kingine. Miaka yote hii keekee wamekuwa wakilala kwenye nguzo zetu, mchana wanaruka ukuta, wanaingia kwake, wanarudi kwetu. Unga wake ulikuwa unatuzalisha sisi, na wetu unamzalisha yeye. Ninyi mmeacha kusalimiana, lakini mipasheni yenu haikuacha, kwa sababu kulikuwa na wa kwenda na kurudi bila kubisha hodi.

Uliniandikia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii tumeziba ufa, na ukuta ndio umebaki.

Unajua ninachotaka kukuomba. Yeye ana maua, sisi tuna maua. Inahitaji mtu mmoja abishe hodi, mchana, akiwa na brashi mkononi. Mama hawezi kwenda kwa niaba yako. Alipokwenda mara ya kwanza kuhusu shuka, jirani alisema anataka kumuona mwenye msumeno.

Jumamosi iko karibu. Sijui kama barua hii itawahi. Nimempa dereva wa gari la shule aitie posta leo hii.

Ukikata, nitakuelewa. Sitakusamehe upesi, lakini nitakuelewa.

Binti wa kaka yako

*

Karakana
9 Agosti

Kwako wewe,

Kabla hujafurahi, jua kwamba bado nimekukasirikia. Mtu akinituma kupaka maua unga wake yenyewe kwa majuma mazima, halafu akasema "nilijua nusu yake", huyo angekuwa fundi wangu ningemfukuza. Huwezi kumtengenezea mtu nusu ya ngazi.

Jumamosi ilipofika msumeno haukuonekana. Mama yako aliutafuta, mimi niliutafuta. Baadaye nikakumbuka huenda nilimwazima mtu. Usiniulize nani. Barua yako ilikuja Jumatatu.

Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu mchana nilichukua brashi na kifuniko cha kopo chenye maua yetu, nikazunguka mpaka mlangoni kwake. Nikabisha. Akafungua, akanitazama kuanzia ndevu mpaka kwenye brashi.

"Umekuja kupaka rangi shuka zangu?"

"Nimekuja kuomba maua."

"Ya kumpelekea nani?"

"Mpasheni."

Akaegemea mlango. Nikamweleza yote ulivyoeleza wewe, ila niliondoa yale maneno ya ukuta, maana si kila kitu ni cha kumwambia mtu ukiwa mlangoni kwake. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unaishi kwa unga wangu, Fundi, na salamu hunipi." Nikamwambia na yeye alikuwa anaishi kwa nyuki zangu. Akasema ziliacha kuwa zangu siku nilipoziua. Mficha uchi hazai, na mpasheni vilevile, kwa hiyo nikasimama pale nikameza.

Akatoa kigoda chake. Mchana ule nilifanya yetu kwa unga wake, na yeye akafanya yake kwa unga wetu. Ana mkono mzito, ananyonyoa. Nilimwonyesha. Hakunishukuru. Kesho yake alibisha hodi yeye.

Sasa vitunda vimeshika. Havijawa vingi, mengi tulishayakosa, lakini viko vya kijani, saizi ya gololi, na kila asubuhi Mama yako anavigusa kimojakimoja kama anavihesabia pumzi. Nimemwambia asiviguse. Mimi nikipita navigusa.

Ule mlango wenye mpangaji nimeuondoa karakana. Nimekata upande wa fremu wenye tundu, sikuupaka rangi, nikaupigilia chini ya paa la nyumba, kwenye kona inayopakana na uchanja. Jirani amepigilia gogo kavu upande wake. Anasema lake ni zuri zaidi. Lake limepinda.

Juzi mchana niliona mmoja. Mweusi, mkubwa, hana haraka. Alizunguka kipande changu mara kadhaa kama mteja anayetafuta kasoro. Akaingia tunduni, akatoa kichwa, akaingia tena. Nikaona unga wa mbao unaanguka chini, mwembamba, safi. Anajua kazi, siwezi kumnyima hilo. Mimi nilikuwa nimeshavua ndala, mkono uko juu, kwa mazoea.

Mama yako alikuwa dirishani. Jirani alikuwa juu ya ukuta. Wote wananitazama.

Nikaivaa ndala, nikarudi kupiga randa.

Usidhani tumemaliza, wewe na mimi. Ukija likizo utapanda kigodani mwenyewe, maana keekee mmoja hatoshi kwa uchanja mzima, na shingo yako ni changa.

Baba yako mdogo,
Fundi

Nilisahau. Shikamoo zako zile zote nilizozirudisha ndani ya bahasha: marahaba.